Migahawa ya samaki wa haraka inafungwa Marekani: walaji hawakuacha samaki

Swali: Kaka, nakuandikia kutoka Lexington, Kentucky. Mimi na mume wangu ni watu wa Uvira, Kongo, tuko hapa miaka mingi sasa. Karibu na tunapokaa kuna jengo lililokuwa mgahawa wa samaki wa kukaanga, tawi la kampuni kubwa. Limefungwa, ila vikaango na dirisha la kuhudumia wenye magari bado vipo, na mwenye jengo anatafuta mpangaji. Samaki tumepika tangu utotoni. Lakini watu wananiambia Wamarekani wameacha kula samaki, ndiyo sababu migahawa hiyo inaisha, wakati ya kuku ina foleni mpaka barabarani. Ni kweli? Na sisi tukiingia, hatutazama?

Jibu: Dada, hilo la kwanza litoe kichwani. Wamarekani hawajaacha samaki. Mwaka 1970 mtu mmoja huko alikula, kwa wastani, kilo 5 na kidogo za samaki na viumbe wengine wa majini kwa mwaka mzima. Mwaka 2021 alikula zaidi ya kilo 9. Kilichobadilika ni samaki yupi na analiwa wapi. Leo wanaoongoza ni kamba, wakifuatiwa na salmoni na jodari wa kopo, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyejenga migahawa unayoiuliza. Ile ilijengwa juu ya samaki mwingine, mweupe, asiye na harufu kali, ambaye mnofu wake haukupi shida ya miiba: chewa wa Atlantiki ya Kaskazini. (Si chewa wa miamba ya pwani ya Waswahili, huyu ni wa maji ya baridi, ukoo mwingine kabisa.) Ukimfuata samaki huyo tangu baharini hadi kwenye sahani, sehemu kubwa ya jibu utakuwa umeipata. Inayobaki ni habari ya wenye mali na madeni yao.

Na wewe unauliza ukiwa kwenye chimbuko lenyewe. Long John Silver's ilizaliwa hapo mjini kwenu mwaka 1969, barabara ya Southland Drive, ikiwa mali ya kampuni ya Jerrico. Mwaka huohuo, Columbus katika jimbo la Ohio, ikafunguliwa Arthur Treacher's, iliyopewa jina la mwigizaji wa Kiingereza aliyezoeleka kwenye sinema kama mtumishi wa nyumba za matajiri. Mwaka huohuo Ray Danner akaanzisha Mr. D's huko Donelson, Tennessee, ambayo sasa inaitwa Captain D's. Mwaka huohuo tena, upande wa pili wa nchi, Bellevue katika jimbo la Washington, ikaanza Skipper's. Na Kentucky Fried Chicken nayo ikainunua H. Salt, biashara ya Mwingereza Haddon Salt aliyehamia California na mapishi ya samaki na chipsi ya kwao. Yote hayo mwaka 1969! Wawekezaji walikuwa wameona McDonald's wanavyotajirika kwa nyama ya ng'ombe na KFC kwa kuku, wakawa wanatafuta kitoweo cha tatu ambacho hakijapata mwenyewe.

Samaki alikuwa rahisi wakati ule, na urahisi huo ulikuwa na sababu ambayo wengi wao, nadhani, hawakuitazama vizuri. Meli za kukokota nyavu zenye mitambo ya kugandisha samaki hukohuko baharini, za Kisovieti, Kihispania, Kireno, Kijerumani na kadhalika, zilikuwa zimejaa kwenye maeneo ya uvuvi ya Newfoundland, kisiwa cha Kanada, na ya Iceland. Maji mengi hayakuwa na mwenyewe. Nchi nyingi zilimiliki maili 12 tu kutoka ufukweni, au pungufu. Mwaka 1968 chewa waliovuliwa kaskazini mashariki ya Newfoundland walifika takribani tani 800,000, kiasi ambacho hakijawahi kufikiwa tena. Sasa linganisha tarehe. Kilele cha uvuvi kilikuwa 1968, migahawa ikafunguliwa 1969. Watu walipanga bei ya sahani zao kwa kuangalia mwaka wa neema kuliko yote, wakadhani ndio mwaka wa kawaida.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Iceland, nchi isiyo na jeshi, ilisogeza mpaka wake wa uvuvi hadi maili 50 mwaka 1972, kisha maili 200 mwaka 1975. Waingereza wakakataa. Vijimeli vya doria vya Iceland vikawa vinakata nyavu za wavuvi wa Kiingereza, manowari za Uingereza zikaja kuwalinda, meli zikagongana. Mwaka 1976 Iceland ikashinda. Marekani na Kanada nazo zikajitangazia maili 200 miaka hiyohiyo. Bahari iliyokuwa wazi ikapata wenyewe, na bei ya chewa ikapanda.

Arthur Treacher's ndiyo iliyoumia kwanza, nayo nataka uisome polepole kwa sababu ndani yake kuna somo la biashara yako. Walikuwa wamefikisha maduka takribani 800 mwishoni mwa miaka ya 1970, na sifa yao ilikuwa chewa wa Iceland, mnene, anayefumuka vipande vikubwa vyeupe ukimkata. Bei yake ilipopanda, faida ikabanwa. Mwaka 1979 kampuni ikanunuliwa na Mrs. Paul's, watengenezaji wa samaki wa kugandishwa wa madukani. Wanunuzi hawa wakafanya jambo ambalo kwenye karatasi lina mantiki kabisa: wakamtoa chewa, wakamweka polaki, samaki mweupe mwingine wa bei nafuu. Wenye matawi, yaani wale waliokodi jina la kampuni na kuendesha maduka kwa fedha zao, wakaona wateja wanaondoka. Baadhi wakagoma kulipa mrabaha, wakaishia mahakamani. Mrs. Paul's ikaitupa mikononi mwa wengine mwaka 1982, na waliofuata wakafilisika mwaka 1983. Leo maduka yake yaliyobaki kusimama kwa jina lile unayahesabu kwa vidole, na Ohio ndiko yalikokawia kufa.

Mteja wa samaki wa kukaanga hawezi kukuambia jina la samaki. Mdomo wake unajua.

Pigo kubwa likaja tarehe 2 Julai 1992, Kanada ilipofunga uvuvi wa chewa wa kaskazini kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha. Watu takribani 30,000 walipoteza kazi, vijiji vilivyokuwepo kwa karne kadhaa vikabaki na mashua zilizopinduliwa. Miaka 2 baadaye Marekani ikafunga sehemu kubwa za Georges Bank, eneo la uvuvi la kaskazini mashariki ya nchi. Tangu hapo, biashara ya samaki mweupe wa haraka imekaa mgongoni mwa polaki wa Alaska, anayevuliwa Bahari ya Bering kwa kiasi ambacho miaka mingi huzidi tani milioni 1, na ambaye usimamizi wake ni mzuri kuliko wa chewa ulivyowahi kuwa. Simdharau polaki. Ndiye aliye ndani ya mkate wa samaki wa McDonald's. Lakini mnofu wake ni mwembamba na laini, na mpishi akitaka uonekane mkubwa huzidisha rojo la unga. Mimi nikiingia duka la samaki nisilolijua, naangalia unene wa rojo kabla ya kitu kingine chochote: likizidi samaki, hesabu za duka hilo zimeshaanza kuugua.

(Wenzetu wa Ziwa Victoria wanaujua upande mwingine wa hadithi hii. Dunia ilipotafuta minofu mingine meupe, sangara wa Mwanza, Kisumu na Jinja akaingia sokoni. Mnofu ukaenda Ulaya, wenyeji wakabaki na mapanki, au mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki mnofu ukishakatwa.)

Sasa kuku. Hapa ndipo watu wanapokosea, wakidhani kuku alishinda kwa ladha. Alishinda kwa kuzaana. Mwaka 1970 Mmarekani alikula kama kilo 18 za kuku kwa mwaka. Leo ni zaidi ya kilo 45. Kifaranga wa kiwandani yuko tayari kuchinjwa ndani ya wiki 6 au 7, kwa ukubwa uleule, Januari hadi Desemba, na mahitaji yakipanda unajenga mabanda mengine Georgia au Arkansas. Samaki wa kuvuliwa duniani, kwa upande wake, wamebaki palepale kwenye takribani tani milioni 90 kwa mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hata ungeongeza meli. Mwenye mgahawa wa kuku ni mkulima wa umwagiliaji. Mwenye mgahawa wa samaki wa baharini anangoja mvua. Na mgahawa wa haraka hauwezi kungoja. Ahadi yake kwa mteja ni bei ileile, kipande kilekile, kila tawi, kila siku. Kuku ameumbwa upya ili atimize ahadi hiyo. Chewa hakukubali.

Kuna jambo la pili kuhusu kuku ambalo wewe mpishi utalielewa bila maelezo mengi. Biashara ya chakula cha haraka Marekani hufanyika zaidi kupitia dirisha la magari. Hata kabla ya korona lilikuwa linachukua kama theluthi mbili ya mauzo. Kuku wa kukaanga akifungwa kwenye boksi, akapanda gari, akafika nyumbani baada ya robo saa, bado analika. Samaki aliyechovywa kwenye rojo ana maji mengi ndani. Ukimfunika tu, mvuke wake unalowesha ganda, chipsi zinalegea pembeni, gari zima linanuka. Chini ya taa ya kuhifadhia joto hali ni hiyohiyo. Kwa hiyo ama umkaange mteja akiwa anasubiri, na foleni isimame, ama umkaange mapema na umpe kitu kilichonyong'onyea. Migahawa mingi ilichagua la pili.

Halafu familia. Watu wanne wako kwenye gari, mmoja hali samaki, basi safari imeshahamia kwa kuku. Samaki, pamoja na kamba na jamii yao, wako kwenye orodha rasmi ya vyakula vinavyoleta mzio mkali huko, hivyo si kudeka tu. Kuna nyumba ambazo kweli hazithubutu. Duka la samaki peke yake hupoteza gari zima kwa sababu ya mtu mmoja. Angalia mauzo: tawi moja la Raising Cane's, ambalo haliuzi chochote cha maana zaidi ya vipande vya kuku, huingiza zaidi ya dola milioni 6 kwa mwaka. Captain D's, ambayo ndiyo yenye afya nzuri kati ya hizi za samaki, huingiza kiasi cha dola milioni 1 na kidogo kwa tawi. Kodi ya kiwanja cha kona yenye taa za barabarani ni ileile.

Utasikia pia wakisema Kanisa ndilo lililoua samaki, kwa kuwa Wakatoliki waliruhusiwa nyama siku ya Ijumaa. Maelezo hayo ni matamu, ila tarehe zinayakataa. Papa Paulo VI alilegeza masharti mwaka 1966 na maaskofu wa Marekani wakafuata Novemba mwaka huo. Migahawa yetu karibu yote ilizaliwa baada ya hapo, ikakua kwa miaka 20. Athari ya Ijumaa ipo, lakini imekaa pengine. Mwaka 1962 Lou Groen, mwenye tawi la McDonald's huko Cincinnati katika mtaa uliojaa Wakatoliki, alikuwa akikosa wateja kila Ijumaa, akabuni mkate wa samaki. Ray Kroc, bosi wa kampuni, alikuwa na wazo lake la kipande cha nanasi ndani ya mkate badala ya nyama. Wakashindanisha siku ya Ijumaa Kuu, na kwa masimulizi ya Groen mwenyewe samaki walitoka 350, nanasi 6. Tangu hapo McDonald's wana samaki siku zote, na msimu wa Kwaresima Wendy's, Arby's, Popeyes na wengineo nao huleta wa kwao. Hebu fikiri maana yake kwa duka la samaki: wiki 6 ambazo Mmarekani anakumbuka samaki ndizo wiki 6 ambazo kila mtu barabarani anauza samaki, na parokia nazo zinakaanga kila Ijumaa kwenye ukumbi, kwa bei ambayo hakuna mfanyabiashara anayeweza kuifikia kwa sababu wapishi ni waumini wa kujitolea.

Kuhusu afya sitakaa sana. Mwaka 2013 shirika moja la kutetea walaji lilikitaja chakula cha Long John Silver's kilichoitwa "Big Catch" kuwa kibaya kuliko vyote vya migahawa Marekani, kwa kuwa kilibeba gramu 33 za yale mafuta yaliyogandishwa kiwandani, wakati madaktari wa moyo wanasema usizidi gramu 2 hivi kwa siku. Ilikuwa aibu, kampuni ikabadilisha mafuta, na baadaye serikali ikayapiga marufuku kwa wote. Lakini kampuni ilikuwa imeshapungua kabla ya hapo. Mtu anayepanga foleni ya kuku wa kukaanga hajakimbia samaki kwa kuogopa mafuta.

Wenye mali, hao ndio walioharakisha kifo. Jerrico ilinunuliwa mwaka 1989 kwa fedha ambazo nyingi zilikuwa mkopo, na mkopo ukabandikwa kwenye kampuni yenyewe. Kwa hiyo, miaka ileile ambayo bei ya samaki ilikuwa inahitaji kampuni yenye akiba, Long John Silver's ilikuwa inalipa riba. Ilikuwa na maduka karibu 1,500 enzi za kilele. Mwaka 1998 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikachukuliwa na wenye A&W, kampuni nyingine ya migahawa ya haraka, na mwaka 2002 ikaingia mikononi mwa kampuni inayomiliki KFC, Taco Bell na Pizza Hut. Hao wakawa wanaichomeka ndani ya jengo moja na KFC au Taco Bell, samaki akawa abiria kwenye gari la mwenzake: menyu ndefu, wafanyakazi wamechanganyikiwa, hakuna anayejali kipande cha samaki. Mwaka 2011 wakaiuza kwa kundi la wenye matawi. Leo ina maduka yasiyozidi 500 hivi, na mwaka 2025 ilimtoa samaki kwenye nembo yake, ikamweka kuku. Mimi hapo nilicheka, kisha nikakubali kwamba wamesema ukweli.

Watakutajia na Red Lobster. Ile si chakula cha haraka, unakaa na kuhudumiwa, ila mkasa wake unafanana. Ilipouzwa mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.1, wanunuzi waliuza ardhi iliyokuwa chini ya migahawa kwa dola bilioni 1.5, kisha migahawa ikaanza kulipa kodi ya pango kwenye viwanja vilivyokuwa vyake. Mwaka 2023 ikatangaza kamba wa kula mpaka ushibe kwa dola 20 bila kikomo cha siku, hasara ya dola milioni 11, na Mei 2024 ikafika mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai. Magazeti yalipenda kamba. Mimi nasema kodi ya pango iliua zaidi.

Na Uingereza, ambako mapishi haya yalitoka, mambo si mazuri pia. Maduka ya samaki na chipsi yalikuwa kama 35,000 kabla ya vita kuu ya pili. Sasa ni takribani 10,500. Vita vya Ukraine vilipandisha mafuta ya alizeti na umeme kwa pamoja, na kiwango kinachoruhusiwa cha chewa wa Bahari ya Barents, ambacho Norway na Urusi hukipanga pamoja, kimekatwa mwaka hata mwaka, mpaka cha 2025, tani 340,000, kikawa cha chini kabisa tangu 1991. Bei ya sahani moja imepanda zaidi ya nusu kati ya 2019 na 2024. Hawa ni watu wanaopenda samaki huyu kama nyinyi mnavyopenda ndagala, na bado maduka yanafungwa.

Sasa jengo lako.

Wanaoishi wapo, na ukiwatazama utaona wanachofanana. Captain D's waliongeza samaki wa kuchoma na wakabaki majimbo ya kusini, ambako samaki ni chakula cha Jumapili na si cha Kwaresima tu. Chicago na miji jirani imejaa vijiduka vya samaki na kuku vya watu binafsi, hasa mitaa ya Wamarekani weusi, vinavyokaanga kambale na kuku kwenye chumba kimoja, mteja anasimama akingoja chake kitoke kwenye mafuta. Hawana matangazo. Wana kuku wa kuokoa gari la watu wanne, na samaki wa kufugwa ambaye bei yake haitegemei mikutano ya Norway na Urusi.

Huo ndio mlango wenu. Msijaribu chewa, wala polaki. Mtashindana na kampuni zinazonunua kwa meli nzima. Pikeni kambale wa mabwawa ya Mississippi na Alabama, ambaye watu wa Kentucky wanamjua tangu kwa bibi zao, na tilapia mzima, mwenye kichwa, kwa ajili ya watu wa kwenu, ambao hapo Lexington si wachache. Tilapia mzima asiyevaa rojo ana faida ambayo Mmarekani hakuifikiria: ngozi yake inastahimili safari. Akifika nyumbani baada ya nusu saa na ugali, sombe na pilipili, bado ni samaki. Mnofu wenye rojo mwuzieni mtu aliye tayari kusubiri dakika 8 mezani, na kwenye programu za kupeleka chakula msiuweke kabisa. Zile zinakata asilimia 15 hadi 30, na malalamiko ya ganda lililolowa yatarudi kwenu, si kwao. Kuku lazima awepo. Najua mlitaka samaki. Mwekeni kuku.

Mtaletewa pangasi wa Vietnam kwa bei nafuu, na muuzaji atawaambia ni kambale. Nunueni mkitaka, wengi hawaoni tofauti, lakini ubaoni msimwandike "catfish". Tangu 2002 sheria ya Marekani inaruhusu jina hilo kwa kambale wa ukoo wa Amerika ya Kaskazini tu. Huyo wa Vietnam huuzwa kama "swai" au "basa".

Kuhusu samaki wa kugandishwa: boksi la kwanza kutoka kwa muuzaji yeyote liyeyusheni, mwageni maji, pimeni. Samaki hufunikwa tabaka la barafu ili asikauke, na hiyo ni halali, lakini wapo wanaokuuzia barafu kwa bei ya mnofu. Mkitaka kukata minofu wenyewe kutoka tilapia mzima, pigeni hesabu ya theluthi: kilo 3 za samaki zitawapa kilo 1 ya mnofu. Vichwa msitupe, supu yake itawaletea wateja ambao hata tangazo halikuwafikia. Bei ziandikeni ubaoni kwa chaki, kwa sababu mtazibadilisha. Wale wakubwa walichapisha bei kwenye mabango ya rangi, kisha wakalazimika kukata samaki badala ya kukata bango.

Kabla ya saini yoyote, nendeni idara ya afya ya Lexington-Fayette mkiwa na anwani ya jengo, muulize wanataka nini kwa mpangaji mpya, maana kibali cha aliyeondoka hakiwahusu nyinyi. Vikaango vilivyokaa bila kuwashwa vina kutu mahali usipopaona, fundi avifungue. Ila kilicho ghali zaidi ni kofia ya moshi juu ya vikaango, mfumo wake wa kuzima moto, na mtego uliofukiwa nje wa kunasa mafuta kwenye maji machafu. Duka la kukaanga huziba mtego huo haraka, na kuuchimba upya kunaweza kumeza mtaji wa kuanzia. Paa na rangi vikiwa bado vinafanana na vya kampuni ile, lazima vibadilishwe, nao watawaandikia barua ya mwanasheria msipofanya hivyo. Gharama hiyo iwe ya mwenye jengo.

Mkifungua, fungueni wiki chache kabla ya Jumatano ya Majivu ili mikono iwe imezoea mashine watu wa Kwaresima wakifika. Na ombeni mkataba wa mwaka mmoja wenye haki ya kuongeza kwa kodi mliyoikubali leo, matengenezo ya kofia ya moshi na mtego wa mafuta yakiwa juu ya mwenye jengo. Akikataa yote mawili, mwacheni alale nalo. Majengo ya namna hiyo yatazidi kuwa mengi, na atakayefuata atakuwa na haraka kuliko yeye.